Wembe Mezani kwa Cheche

Siku mzee alipouleta ule wembe, Cheche alikuwa na mkasi wa fundi cherehani mkononi, visu vya bucha vinamsubiri kwenye beseni, na mpishi wa mgahawa amesimama mlangoni akijikohoza ili ijulikane kwamba amechoka kusimama. Mzee hakusubiri zamu. Aliingia na kandambili zake, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwenye leso, akasema, "Nitengenezee hiki, mama," maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. Kisha akageuka, akarudi zake uani bila kumwangalia mtu usoni.

Cheche alifunua leso kwa kidole kimoja. Ndani mlikuwa na wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani. Mpini wa pembe ulikuwa na ufa, bapa limeliwa na kutu, na katikati ya makali palikuwa na pengo dogo. Akaufunika upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mgeni ndani.

"Nini hicho?" mpishi akauliza.

"Wembe."

"Wa mzee? Si alishaacha kunyoa?"

Cheche alikanyaga pedeli, gurudumu la kunolea likaanza kuzunguka, akaugusisha mkasi mpaka ukalia. Mpishi akaelewa kwamba mazungumzo yamefungwa.

Jina la Cheche ni la wateja. Mgeni akilisikia hudhani ni kwa ajili ya moto unaoruka chuma kinapogusa gurudumu. Wanaomjua wanacheka tu. Huyu mwanamke hakai. Chai anakunywa amesimama, swali analijibu hujalimaliza, na ukimwambia subiri kidogo utadhani umemtukana. Ndoa yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilivunjika kabla viti vya harusi havijarudishwa kwa wenyewe. Hapo anatia chumvi, lakini si nyingi. Kitu pekee kinachomtuliza ni kinoo. Mpe chuma butu na jiwe lililoloana maji, utamwona mtu mwingine kabisa: mabega yanashuka, mdomo unafunga, mkono unakwenda na kurudi bila haraka mpaka makali yaje. Akitaka kujua kama yamekuja, anayajaribu kwenye mkono wake wa kushoto, ndiyo maana mkono huo hauoti hata unywele mmoja mwaka mzima.

Na ana hubiri lake, ambalo wateja wote wanalijua kwa moyo. "Ukiona kisu kimekukata," huwaambia, "jua kilikuwa butu. Kikali kinafuata mkono. Butu lazima ukisukume, na ukikisukuma kinateleza kinakuja kwako." Huwaambia wapishi, huwaambia wauza samaki, huwaambia hata watu waliokuja kuuliza njia.

Mtu kama huyo ukimpa wembe wenye kutu, ungetegemea auvamie palepale. Badala yake aliutia kwenye droo, akafunga, akafungua, akautoa, akauweka rafuni nyuma ya kopo la grisi. Baada ya muda akaurudisha mezani.

Sababu ni hii. Mzee alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa kuulizwa. Kiti chake cha mbao kilikaa barazani mbele ya nyumba yao, kina egemeo la kichwa lililong'aa kwa visogo vya watu, na kioo kikining'inia kwenye nguzo. Alianza kazi na wembe ule wa kukunja. Zilipokuja nyembe za kubadilisha, zile unazotumia na kutupa, aliufunga kwenye leso akautia chini kabisa ya sanduku la nguo, akaendelea na maisha. Halafu ikaja mikono. Mwanzo ilikuwa kikombe kinachogonga kisahani. Baadaye ikawa vifungo vya shati. Wateja walimpenda, wakaendelea kuja, ila sasa walikuwa wanakishika kiti kwa mikono yote miwili kama watu walio kwenye gari lisilo na breki.

Asubuhi moja Cheche alimkuta uani mbele ya kioo, taulo limelowa damu, naye amesimama wima anasema, "Si kitu, si kitu." Alikuwa anajinyoa, akajikata chini ya taya. Muuguzi wa zahanati aliyemshona alimtazama Cheche, si mzee, akasema, "Msimwachie kitu chenye makali." Alisema hivyo mzee mwenyewe akiwa ameketi hapo katikati yao kama mzigo unaoelekezwa mahali pa kuwekwa.

Mchana huohuo, mzee akiwa amelala kwa nguvu za dawa, Cheche na mdogo wake waliisafisha nyumba. Nyembe zote, mikasi yote, hata kisu cha jikoni, vyote vikahamia karakana ya Cheche, chumba cha mbele chenye kufuli. Kiti kikapakiwa kwenye mkokoteni kikaenda saluni kwa mdogo mtu. Mzee alipoamka alitoka barazani, akapatazama pale mahali pa kiti. Akaingia ndani, akafungua kabati. Halafu akaomba maji ya kunywa. Hakuuliza kitu, hata walipomwambia kiti kiko kwa fundi, na wanawe wakashukuru kwamba ameelewa.

Tangu hapo alifuga ndevu. Si kwa kupenda, maana mzee huyu alikuwa mtu wa kidevu safi hata siku za homa, lakini mashine za umeme hakutaka kuzisikia. "Hizo najua kazi yake," alisema. "Ni za kondoo." Ndevu zikaota ovyo, nyeupe, upande mmoja nyingi kuliko mwingine, na kila Cheche alipoziona aliangalia pembeni.

Wembe wa sandukuni walikuwa wameusahau. Sasa mzee ameuleta mwenyewe, tena kwa nani, kwa binti yake mnoa visu. Akiutengeneza, atakuwa amemtia baba yake mkononi kitu kinachoweza kumkata koo. Asipoutengeneza, itabidi amtazame machoni amwambie kwamba hamwamini na mikono yake. Cheche alizunguka karakana akitafuta jambo la tatu, hakuliona.

Kesho yake mzee alichungulia mlangoni. "Vipi?"

"Bado, baba. Kazi zimebana."

Kesho kutwa akachungulia tena. "Vipi?"

"Baba, si nimesema kazi zimebana!"

Kazi hazikuwa zimebana. Kazi zilikuwa zinakwenda mrama. Alifagia karakana ambayo ilikuwa imeshafagiwa. Aligombana na muuza samaki juu ya kisu ambacho hakikuwa cha muuza samaki. Akafunga mizigo ya wateja huku akili iko uani, na mchana mpishi akarudi amejaa hasira, amefunua gazeti lake mezani.

"Dada Cheche, hebu nieleze. Mimi na mkasi wa kukatia suti tunapika nini?"

"Samahani. Nilichanganya."

"Na fundi cherehani muda huu anakata kitambaa kwa panga langu la mifupa?"

Alicheka mwenyewe, Cheche hakucheka. Mpishi akaufunga tena mkasi aende akabadilishane na fundi cherehani, akaondoka anatikisa kichwa, akisema hata moto una siku ya kuwa majivu na yeye siku hiyo atakuja kupumzika hapa.

Jioni Cheche alijaribu kwa upole, na upole haukuwa fani yake. Mzee alikuwa amekaa kigodani uani, mkono mmoja ameulaza juu ya mwingine kuubana usionekane.

"Baba, ule wembe umekufa. Kutu imeingia ndani."

"Kutu ni kazi yako."

"Na lile pengo?"

"Pengo nalo ni kazi yako."

"Haya. Nikishaumaliza, wewe unaufanyia nini?"

Mzee alimwinulia macho. "Wembe unafanyiwa nini, mama? Unamenyea viazi?"

Cheche alitaka kusema. Maneno yalikuwa yamefika kooni kabisa: mikono yako, baba. Lakini mikono yenyewe ilikuwa pale, mmoja umemkalia mwenzake kama mtu anayemficha mtoto mtundu asionwe na wageni, na huruma ikambana akashindwa. Akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Ndipo akaenda saluni. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Mashine kwa sababu hajawahi kushika kitu cha kunyolea kisicho na waya, alikuwa anamchonga mtu ukingo wa nywele. Muziki ulikuwa juu, vioo ukuta mzima, viti vya kuzunguka vya ngozi nyekundu. Kwenye kona, kiti cha mzee kilikuwa kimebebeshwa taulo chafu mpaka kwenye egemeo.

"Tupa chooni," Mashine alisema alipomaliza kusikiliza. "Tupa, umwambie umevunjika kwenye gurudumu."

"Nimwongopee baba?"

"Dada, acha hizo. Tumeanza leo? Si tulimwambia kiti kiko kwa fundi?" Akazima mashine, akapuliza nywele shingoni kwa mteja. "Ukimnolea, siku akijikata, mimi sikujui wewe hunijui. Nakwambia mbele ya watu."

Mteja kwenye kiti akajifanya haoni kitu isipokuwa kioo.

"Ameshawahi kuja hapa?" Cheche akauliza.

Mashine akapunguza sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Mara moja. Alisimama pale mlangoni. Akaangalia huku na huku, akaniambia rangi ya ukuta nzuri. Akaondoka."

"Alikiona kiti?"

"Kiti si hicho hapo. Ataachaje kukiona?"

Cheche aliondoa taulo moja juu ya kiti, akaona hana pa kuliweka, akalirudisha. Alitoka bila kuaga. Njiani alitembea haraka mpaka watu wakampisha, na pale penye kona ya duka la vyombo, jambo la tatu likamjia. Lilimjia zuri na limekamilika, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu shaka, lakini yeye alikuwa amechoka kuzunguka. Aliliokota.

Siku iliyofuata alifunga mlango wa karakana na akaanza kazi. Aliulowesha wembe mafuta, akausugua kwa msasa laini, taratibu, akifuata urefu wa chuma. Kutu ilitoka nyekundu, ikafuata nyeusi, halafu chuma chenyewe kikaanza kuchungulia. Mpini aliutia gundi kwenye ufa, akaufunga kwa uzi, ulipokauka akaupaka mafuta mpaka pembe ikarudisha rangi yake ya asali. Alisugua bapa kwa kitambaa mpaka akayaona macho yake ndani yake. Saa zote hizo alikuwa ametulia, na nusura asahau alichokusudia.

Halafu akakifanya. Aliusimamisha wembe wima juu ya kinoo, makali yakitazama chini, akauburuta. Ulitoa sauti mbaya. Akauburuta tena, na tena, mpaka pengo likaisha, na makali nayo yakaisha. Alipopitisha kidole gumba juu yake ilikuwa kama kupitisha kwenye ukingo wa kijiko. Wembe ulikuwa unang'aa kuliko siku uliponunuliwa, na usingeweza kukata siagi.

Sasa tuseme ukweli. Mwanamke aliyewachosha watu wazima miaka nenda rudi na hubiri la kisu butu, ndiye huyo aliyempelekea baba yake wembe butu akijipongeza kwamba amemkinga. Mpishi asingelifanya kosa hilo, fundi cherehani asingelifanya. Ni mnoaji tu awezaye kuua makali kwa ustadi namna ile, na ni binti wa kinyozi tu awezaye kudhani kinyozi hatajua kwa kuwa anatetemeka.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Akautazama kwenye mwanga, akacheka kwa sauti ambayo Cheche alikuwa ameshaisahau. "Pembe hii ilikuwa imepasuka! Tazama! Umeuziba na mshono hauonekani!" Akaukunja, akaukunjua, akaukunja. "Marehemu mama yako angekuona leo." Cheche alitabasamu.

Kisha mzee akaingia chumbani, akatoka na mkanda wa ngozi, ule wa kunyooshea makali. Akautundika kwenye msumari wa dirisha, akauvuta ukakaza. Cheche alikuwa hajaufikiria mkanda.

Mkono ulitetemeka, lakini mwendo ulikuwa unaujua. Wembe ukapita juu ya ngozi kwenda, ukageuzwa mgongo, ukarudi. Mzee akasimama. Akainamisha kichwa kidogo, sikio likiwa upande wa mkanda, akapitisha mara nyingine. Wembe wenye makali ukipita kwenye ngozi una uimbaji wake. Huu ulikuwa unakwaruza tu, kama kandambili sakafuni.

Akaukunja.

"Hauna kitu," akasema.

"Labda ile kutu, baba, ilikuwa imeingia..."

"Kutu inakula hapa, inaacha pale. Haya makali yamekufa sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ameyaua mtu anayeijua kazi."

Mzee alielekeza kidole upande wa karakana.

"Kutwa uko hapo mbele unawaambia watu kitu butu ndicho kinachokata. Mimi ninakaa huku nyuma, nakusikia."

"Niliogopa, baba."

"Najua. Ungeniambia umeogopa na hutaki, ningekasirika, tungegombana, yangekwisha." Alimwekea wembe kiganjani, polepole, kama anayerudisha kitu cha watu. "Lakini umenipa mwanasesere. Umenifanya mtoto."

Aliutungua mkanda, akaukunja, akaingia chumbani akalala ametazama ukuta, jua likiwa bado kali nje.

Cheche aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona tangu azaliwe. Alisimama uani hana pa kuweka mikono. Aliingia karakana, akatoka. Alichemsha chai, akamwekea mzee mlangoni kwake, ikapoa hapohapo. Alitaka kumkasirikia mtu, akamtafuta katika watu wote anaowajua, akajipata yeye.

Asubuhi alimwaga maji kwenye kinoo kikubwa. Wateja walipogonga aliwajibu kwa ndani kwamba leo hakuna kazi.

"Hakuna kazi vipi na nakusikia uko humo?" Ilikuwa sauti ya mpishi. "Wageni wangu leo watatafunia nyama fizi?"

"Rudi kesho!"

"Kesho watakuwa wamenila mimi," alisema mpishi, akaenda zake.

Alianza na jiwe la mikwaruzo mikubwa, wembe ameulaza, mgongo na makali vyote vimegusa jiwe. Kwenda, kurudi. Kurudisha makali yaliyouawa si sawa na kunoa yaliyochoka. Ni kuchonga upya. Alipohamia jiwe laini jua lilikuwa limeshafika dirishani. Na kinoo, kilichomtuliza maisha yake yote, siku hiyo hakikumtuliza. Kila wembe ulipozidi kuwa mkali ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo. Aliona lile taulo. Aliona uzi wa muuguzi. Aliacha, akanawa, akaenda mpaka mlangoni, akashika kitasa, akarudi. Alijikaza kisabuni akaendelea. Mwisho alipousogeza kwenye mkono wake, vinyweleo vya karibu na kiwiko, vilivyokuwa vimesalimika kwa bahati, vilianguka bila yeye kuhisi kitu. Siku nyingine yoyote angetabasamu.

Mzee alikuwa kigodani pake. Cheche alichuchumaa mbele yake, akamtia wembe mkononi, akamfumbisha vidole juu yake.

"Huu sasa ni wembe, baba. Naogopa. Naogopa mpaka tumbo linaniuma, nakwambia kweli. Lakini ni wako."

Mzee akanyanyuka, akautundika mkanda dirishani. Kwenda, kurudi. Ngozi ikaimba. Mzee alivuta pumzi kama mtu anayenusa chakula cha kwao.

"Kioo," akasema. "Maji ya moto. Sabuni."

Cheche alileta vyote. Alikitundika kwenye nguzo ya kamba ya nguo kioo cha mkononi, akasogea nyuma. Mzee akajipaka povu, brashi ikatetemeka ikampaka na sikio, ikampaka na kola ya shati. Akaukunjua wembe. Vidole vilijipanga vyenyewe, vitatu mgongoni mwa bapa, kidole gumba chini, cha mwisho kimepumzika kwenye mkia wa chuma. Akauinua.

Mkono ulitetemeka. Mwanga wa chuma uliruka ukutani, juu, chini, juu. Mzee akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ikawa sasa inatetemeka miwili. Wembe ukagusa povu karibu na sikio ukasimama hapo, unacheza juu ya ngozi. Cheche alikuwa ameishika nguzo ya pili kwa nguvu zote. Kila kitu mwilini mwake kilikuwa kinamwambia ruka, nyang'anya. Huyu mtu ambaye hajawahi kusubiri hata maji yachemke, alisimama.

Mzee alijitazama kwenye kioo. Alijitazama muda mrefu, mpaka povu likaanza kukauka kwenye kidevu na kupasuka. Halafu akaushusha wembe, akaufuta kwa leso, akaukunja.

"Basi," akasema. "Nimeacha kazi."

Cheche hakuelewa. "Baba?"

"Kunyoa. Nimeacha." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesema mvua imekatika. "Ile siku nyingine sikuacha mimi. Nililala kinyozi, nikaamka sina kiti. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka niache mwenyewe, mama, mbele ya kioo, nikiwa na wembe mkali mkononi. Wembe butu hata mtoto anauacha."

Cheche alilia palepale alipo, machozi yanatiririka hayafuti. "Ilitupasa tukuulize, baba."

"Iliwapasa," mzee alikubali. Akakaa kigodani, akamnyooshea wembe. "Haya, povu linakauka. Unasubiri nini?"

"Mimi? Mimi sijawahi kunyoa mtu!"

"Najua. Kunoa unajua, nusu ya kazi umeshaimaliza. Vuta ngozi kwenda juu. Ulaze. Usiusukume, uache uende wenyewe."

Akainua kidevu, akafumba macho. Cheche alifuta machozi kwa bega, akamlowesha upya, akamvuta ngozi ya shavu kama alivyoambiwa. Wembe ukapita. Ndevu nyeupe zikaanguka na povu, na chini yake ukatokea uso anaoujua. "Hivyo hivyo," mzee alisema bila kufungua macho. "Zungusha kiganja. Polepole, hapa hakuna basi linalotuacha." Alipita shavu, akashuka taya, akaanza kuona kwamba anaweza, na palepale alipoona kwamba anaweza, akaharakisha.

Tone la damu lilijitokeza kwenye kona ya taya, likaingia kwenye povu, likatandaa. Siku zote zile alikuwa anaikimbia damu hiyo, akaifichia visu, akaiongopea, na sasa ilikuwa imetoka, na aliyeitoa ni yeye. Akaruka nyuma, wembe ameuinua hewani.

"Baba! Nimekukata!"

"Nimesikia," mzee alisema, macho bado ameyafumba, kidevu bado kiko juu. "Mimi mteja wangu wa kwanza nilimkata sikio. Endelea, bado shavu la pili."